Pindo Lililovaliwa na Mamajusi

Katika kanisa letu la Buffalo, hasira ni dhambi ya wanawake. Mwanamume akipiga meza kwenye kikao cha wazee, ana wivu wa nyumba ya Bwana. Mwanamke akiuliza mara ya pili swali ambalo hakujibiwa mara ya kwanza, ana roho fulani, na huitwa mbele aombewe. Ndiyo maana Nzigire, mke wa Elisée, alikaa nasi miaka mingi bila mtu kujua anafananaje akikasirika. Tulimwita Mama Mirindi kwa jina la kifungua mimba wake, tukamsifu kwa upole, na tukampa kazi zote ambazo wapole hupewa: kusugua masufuria, kukesha na wagonjwa, kushona mapazia ya madhabahu.

Kushona alikujua. Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, ambako masista wa misheni walimfundisha kutarizi. Vita vilipomfikisha kambini Tanzania aliendelea kutarizi huko: njiwa wawili kwenye mashuka ya maharusi, na maneno "Karibu Mgeni" kwenye vitambaa vya kufunikia makochi, katika nyumba za turubai ambazo hazikuwa na kochi wala nafasi ya mgeni. Marekani ilimpokea kupitia Louisville, kwenye magorofa ya kupanga ya Highview, akafunga maboksi ghalani mpaka mgongo ukamkataa. Kisha Elisée akapata kazi ya kiwanda huku Tonawanda, wakahamia Buffalo, mji ambao theluji huanguka kana kwamba inalipiza kisasi. Nzigire akaingia kazi ya kutunza wazee majumbani.

Hapo Tonawanda alipewa bibi mmoja Mpalestina. Jina lake Afifa, lakini siku ya kwanza alijigusa kifua akasema yeye ni Umm Jiryis, mama yake Jiryis, kwa kuwa kwao mwanamke akishazaa huitwa kwa mwanawe. Nzigire akajigusa chake akasema Mama Mirindi. Hawakuhitaji maelezo zaidi. Tangu hapo akawa Mama Jirisi.

Urafiki haukuanza siku hiyo. Ulianza siku Nzigire alipokaanga makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye harufu yake huwafikia majirani kabla ya salamu, katika mafuta aliyoyakuta kabatini ndani ya chupa ya soda iliyozungushiwa utepe wa gundi. Mama Jirisi aliingia jikoni akisukuma kiegemeo chake cha magurudumu. Akaitazama chupa. Akaitazama sufuria, mafuta yakichemka na kutoa moshi. Akaketi.

"Unajua haya yametoka wapi?" aliuliza kwa Kiingereza chake cha jikoni, ambacho hakikuwa kibovu kuliko cha Nzigire.

"Dukani?"

"Kwa kaka yangu. Miti ya baba. Mpwa wangu aliyabeba ndani ya sanduku, katikati ya suruali zake." Akaishika chupa. "Mwaka huu kaka hakuvuna. Askari wamefunga njia, na walowezi wamekata miti mingine. Hiyo chupa ni ya mwaka juzi. Nyingine hakuna."

Nzigire akazima moto. Hakuhitaji somo. Nyumbani kwake kulikuwa na kidumu cha mawese kilichosafiri kutoka Shabunda mpaka Buffalo kwa mikono ya watu wanne, na kama angemkuta mtu akipaka bawaba za mlango kwa mawese yale, mtu huyo angeelewa maana ya kutazamwa namna ile. Akasema, "Mama, nisamehe." Mama Jirisi akamega mkate, akaumiminia mafuta mabichi yaliyobaki, akanyunyiza majani makavu yenye harufu ya kichaka, akampa. "Hivi," akasema. Basi wakala. Samaki naye akaliwa, kwani hata hasira ina kiasi.

Nasi huku kanisani tulikuwa tukimwombea bibi huyo aokoke. Pasteur Sylveri alisikia "Mpalestina" akakata shauri kuwa ni mpagani, na Jumatano mbili tulifunga kwa ajili yake. Mama Jirisi ni Mkristo wa kijiji cha vilimani karibu na Ramallah, katika ukoo ambao hakuna anayekumbuka walianza kubatizwa lini, maana walikuwa majirani wa jambo lenyewe. Nzigire alipomweleza hayo, Pasteur alifikiri kidogo, akasema, "Bon, tuendelee kumwombea tu, haidhuru."

Yule mpwa alipokuja tena na chupa ndogo aliyoipata kwa jirani wa kijijini, Mama Jirisi akamgawia Nzigire kikombe. Nzigire, kwa upole ule tuliokuwa tunausifu, akakileta kanisani ili wengine waonje. Jumapili iliyofuata mafuta yalikuwa madhabahuni, katika vichupa vya upako, kila kimoja na karatasi iliyochapwa: *Mafuta Matakatifu, Nchi ya Israeli*.

Alimfuata Pasteur baada ya ibada. "Pasteur, haya mafuta yana mwenyewe. Ametaja mpaka kijiji."

"Mama Mirindi, kila kitu ni cha Bwana."

Kauli hiyo ni ya kweli kabisa, na husemwa mara nyingi zaidi na yule ambaye kitu kiko mkononi mwake. Nzigire akarudi kwenye masufuria. Tukasema, mnaona upole huo.

Desemba ikaja, na pamoja nayo harusi. Rula, mjukuu wa Mama Jirisi, aliyekulia Columbus, alikuwa anaolewa, na Jumamosi kabla ya harusi ilikuwa sherehe yake ya hina. Siku hiyo, kwa desturi yao, bibi harusi huvaa gauni la ukoo. Mama Jirisi akafungua kasha akamtolea Nzigire gauni lenyewe ili atengeneze mkono wa kushoto wa gauni, uliokuwa umefumuka. Yeye mwenyewe, tangu siku ile ya makayabu, macho yalikuwa yamefifia mpaka yakaisha. Alitazama kwa vidole.

Lilikuwa gauni la kitani jeupe lililoiva kwa umri, na juu yake uzi mwekundu: maelfu ya misalaba midogo, kila mmoja ukihesabiwa kwa nyuzi za kitambaa chenyewe. Kifuani nyota. Ubavuni matawi. Chini mgongoni, kushuka hadi pindoni, safu za miberoshi iliyosimama wima kama watu kwenye foleni. Mama yake Mama Jirisi ndiye aliyelishona akiwa mwari, miezi ya baridi, baada ya zeituni kuvunwa. Kule, mtu akikuona umevaa hili, anajua umetoka kijiji gani kabla hujafungua mdomo.

"Tatriz," akasema bibi.

"Tarizi," akasema Nzigire, na wote wawili wakacheka, maana walikuwa wamekaa mwaka mzima na neno moja bila kujua.

"Lisiende kwa fundi," Mama Jirisi akasema. "Wewe una mkono. Rula atalivaa kama alivyolivaa mama yangu, nami nitakuwepo. Baada ya hapo Mungu afanye atakavyo."

Nzigire akaushona mkono kwa jioni mbili. Kisha akalikunja gauni ndani ya shuka safi, akaliweka juu ya kabati, akaenda kazini.

Inabidi sasa niwaeleze habari za Maman Clémence, kiongozi wa kamati ya maigizo. Ni mtu wa bidii. Hakuna anayemshinda kwa bidii, na ndiyo shida. Mwaka huo igizo la Noeli lilikuwa kwenye kongamano huko Louisville, pamoja na kanisa letu dada la huko, na Clémence aliapa kwamba Mariamu wetu hatavaa tena pazia la dirisha. Alipita kwa Elisée kuchukua spika, akaona kona nyekundu ikichungulia kutoka kwenye shuka.

"Papa Mirindi, hii nini?"

"Ni ya yule bibi wa Tonawanda. Nguo ya kwao."

"Ya kwao wapi?"

"Si kule kule kwa Yesu."

Hapo ndipo kosa lilipokaa, na ni kosa letu sisi, siwezi kuwapa wengine. Mtu mwingine angeona gauni la thamani akaliiba, au akaona gauni la mtu akaliacha. Sisi tuliona Biblia. Tumeijua Palestina tangu utotoni, ni ramani iliyo kurasa za mwisho, baada ya Ufunuo, yenye Mto Yordani kwa rangi ya samawati na bila mtu hata mmoja. Kitu kikitoka huko ni chetu sote, kama zaburi. Nani ataomba ruhusa kuimba zaburi? Elisée akalishusha mwenyewe, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

Nzigire aliliona Jumapili, kwenye WhatsApp ya kanisa, akiwa anamlisha Mama Jirisi supu. Picha ya kwanza: Mariamu, binti mfupi wa Louisville, amevaa gauni jeupe lenye uzi mwekundu. Liliishia juu ya vifundo vya miguu. Nzigire akaikuza picha kwa vidole viwili. Gauni lile lingegusa sakafu hata likivaliwa na mtu mrefu kuliko huyo. Picha ya pili: Mamajusi watatu wameinama horini, na kila mmoja ana taji la kadibodi lililozungushiwa utepe wenye miberoshi.

Akamaliza kumlisha supu. Akamfuta mdomo. Akaaga. Alipofika nyumbani alisimama mlangoni na koti lake, theluji ikimdondoka.

"Gauni liko wapi?"

"Gauni gani?" Elisée akauliza, akitazama mpira.

"Elisée."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Mirindi azaliwe. Elisée akazima televisheni. "Donc, Clémence aliomba. Wataleta. Wako Highview kwa dada yake mpaka wiki iishe."

"Alimwomba nani?"

"Mimi."

"Lilikuwa lako?"

Elisée akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Hapana," akasema.

Nzigire akampigia Clémence. Simu ilikuwa kwenye spika. Elisée ndiye aliyenisimulia, na hakujipunguzia aibu, kwa hilo nampa heshima yake.

"Mama Mirindi! Uliona? Watu walilia."

"Ulikata nguo."

"Kidogo tu. Ilikuwa inaburuta chini, mtoto angeanguka mbele ya wageni."

"Ungepinda kwa sindano. Unajua kupinda."

"Wakati haukuwepo. Na kile kipande hakikuenda bure, tulifanya nacho mataji. Hata Pasteur alisema..."

"Usiwaguse hao Mamajusi. Usifue kitu, usipige pasi, usishone. Ijumaa nakuja."

"Lakini weye, kwani ni nini? Iko nguo ya zamani tu."

Nzigire akakata simu. Zilibaki siku chache kabla ya hina, na hina ilikuwa Columbus. Mtu akitoka Buffalo kwenda Louisville hupita Columbus. Maana yake angeipita nyumba ya harusi mikono mitupu kwenda kulitafuta gauni lao. Akaomba ruhusa kazini. Watoto wa Mama Jirisi walimchukua bibi mapema, naye akiondoka alimpapasa Nzigire shavu akasema, "Jumamosi uje na gauni, ule pamoja nasi." Nzigire akasema ndiyo. Baadaye alisema alijisikia kama ametafuna wembe.

Ijumaa Elisée aliendesha bila kuwasha redio. Walipokuwa karibu na Cincinnati, Pasteur Sylveri akapiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia. Habari humfikia Pasteur kama maji yanavyofika bondeni.

"Mama Mirindi, adui anataka kuleta mgawanyiko. Kitambaa kisivunje mwili wa Kristo. Samehe."

"Nimsamehe nani, Pasteur?"

"Dada yako Clémence."

"Ameomba?"

"Moyoni mwake naamini..."

"Akiomba kwa mdomo nitasikia. Na si mimi wa kuombwa. Na vile vichupa vyako, Pasteur, toa zile karatasi."

"Mama Mirindi, hii sauti si yako."

"Ni yangu. Nilikuwa sijaitumia." Akabonyeza kitufe chekundu, na Elisée akaongeza mwendo kidogo, kama mtu aliyeogopa kuulizwa maoni.

Huko Highview mataji matatu yalikuwa juu ya friji. Kwenye mawili pindo lilikuwa limebandikwa kwa pini, likatoka salama. Taji la tatu Clémence alikuwa amelitia gundi ya moto, ile inayotoka kwenye bastola ya plastiki. Gundi ilikuwa imepenya kitani hadi upande wa pili. Nzigire alilipasha kwa pasi, akalikwangua kwa kisu cha mkate, lakini pindo lilipobanduka, miberoshi sita ilibaki kwenye kadibodi kama manyoya kwenye chandarua.

Clémence alikuwa amesimama na kikombe cha chai cha kumpa mgeni. "Pole," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa bidii, "Sikia. Tushone kwa ndani, tupige pasi, hakuna atakayejua. Si ulishawahi kusema yule mama haoni?"

Nzigire akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umesemaje?"

Clémence akaweka kikombe mezani.

"Vaa viatu," Nzigire akasema. "Ingia ku gari."

"Mi? Niende ku harusi ya watu? Sijaalikwa."

"Hata pindo halikualikwa kwenye taji lako. Vaa."

Walilala kwa dada yake Clémence, kama watu wanaolala ubalozini wakati wa vita, wakaondoka alfajiri. Njia nzima Nzigire aliketi nyuma, gauni mapajani, akiunganisha vipande kwenye pindo huku Elisée akikwepa mashimo kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. Clémence alikaa mbele. Alinena kwa lugha kwa muda, akaacha.

Nyumba ya Jiryis pale Columbus ilijaa wanawake, ngoma, sinia za wali, na watoto waliovaa soksi. Mama Jirisi alikuwa kwenye kiti cha enzi, yaani kochi la pembeni. Rula, muuguzi wa meno mwenye nywele zilizokwisha tengenezwa, alilipokea gauni kwa mikono miwili, akamwekea bibi yake mapajani ili alibariki kwanza. Vidole vya Mama Jirisi vikaanza kifuani. Vikashuka ubavuni. Vikafika mkono wa kushoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Vikafika pindoni, vikasimama. Vikarudi. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

"Nani amekata?"

Nzigire akapiga magoti kwenye zulia. "Watu wangu, Mama. Kanisani kwangu. Nililiacha nyumbani, likachukuliwa kwa ajili ya igizo." Akamvuta Clémence kwa mkono. "Huyu ndiye aliyekata. Amekuja aseme mwenyewe."

Clémence akasema kwa Kiswahili, macho chini. Nzigire akageuza kwa Kiingereza, Rula kwa Kiarabu, na hakuna aliyelainisha neno njiani. "Nilifikiriaka iko nguo ya Biblia. Nguo ya watu wa zamani. Sikujua iko na mwenyewe."

Mama Jirisi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo fupi, na Rula akalitafsiri.

"Anasema, mwambieni mimi niko hai."

Mke wa Jiryis akataka watolewe nje. Rula akasema basi, atavaa gauni la dukani, anakodisha saa hii hii, kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuwaambia marafiki zake wote habari za gauni la ukoo. Mama Jirisi akainua mkono. Akampa Nzigire pindo. "Fumua," akasema.

"Mama, nimeunganisha vizuri."

"Umeunganisha ili isionekane. Fumua."

Nzigire akafumua kazi yake yote ya njiani, mbele ya wanawake wa kijiji kizima kilichohamia Ohio. Bibi akamwelekeza upya kwa vidole: pindo likutane na gauni kwa mshono wa kupishana, ule wanaounganishia vipande vya gauni, mnene, wa juu. Walipofika kwenye kile kipande cha gundi, mahali pa miberoshi sita iliyokosekana, Nzigire akatoa uzi mwekundu aliouchagua kwa uangalifu ulingane.

"Si mwekundu," Mama Jirisi akasema. "Kuna rangi gani nyingine?"

"Buluu. Ya mapazia ya kanisa."

"Hiyo."

"Bibi, itaonekana," Rula akasema. "Watu wataniuliza usiku kucha."

"Wakikuuliza waambie."

Rula akaitazama ile buluu ikipanda, msalaba kwa msalaba, katikati ya wekundu. Hakutabasamu. Lakini akaketi, akasubiri, na hina ikasubiri, na wali ukapoa. Clémence alipewa kazi ya kutunga uzi. Hakuambiwa karibu, hakuambiwa ondoka. Katikati mtu akamwekea sahani ya chakula pembeni bila kumtazama, maana hata hasira ya watu wale ina adabu zake, akala akilia, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Gauni lilivaliwa jua likiwa bado kwenye theluji ya dirishani. Mgeni wa kwanza kuinama na kushika pindo alikuwa shangazi kutoka Cleveland. Rula hakueleza. Akamwashiria Clémence kwa kidole kilichopakwa hina: njoo useme.

Clémence akaja. Mara hiyo ya kwanza alieleza kwa urefu, kwamba ilikuwa kazi ya Bwana, mtoto alikuwa mfupi, muda ulikuwa mchache, na Mungu hujua nia. Nzigire akatafsiri. Shangazi akasikiliza, akaenda zake. Akaja mwingine, Clémence akaitwa tena. Bwana akatoka kwenye maelezo, akabaki mtoto mfupi. Kwa bibi kutoka Detroit hata mtoto hakutajwa.

Waliokuja baadaye walimkuta amesimama kando ya bibi harusi, mikono mbele, kama mtu aliyepangiwa zamu. Wakishika pindo hakungoja kuitwa.

"Nilikata," alisema. "Sikuuliza."

Nzigire akatafsiri, neno kwa neno, akageuka kumsubiri anayefuata.